Rangi ya Buluu kwenye Mtambo wa Redio

Kila Jumamosi saa nne asubuhi Ghadir alikuwa anasoma Kipindi cha Watoto pale Redio Mkunguni, redio ya umma ya Chumbageni. Akimaliza tu anaenda Pongwe kwa bibi yake, Bi Fakhria, anakaa mkekani na kumsomea kipindi chote upya. Chote. Kwa sababu redio yenyewe ilikuwa haifiki Pongwe. Mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa umezeeka, sauti ikitoka mjini inaishia njiani.

Basi serikali ikatoa hela. Hela ya kodi, ya watu wote, ili mtambo ule utolewe, uwekwe wa kidijitali, na Pongwe nao wasikie. Ikaangukia mikononi mwa meneja, Bwana Rafaeli. Bwana huyu alikuwa anavaa suti nzito kwenye joto la Tanga, halafu anajifuta jasho kwa tai. Kwanza akanunua viti vya ngozi. Halafu milango ya vioo. Halafu gari la kumleta kazini, wakati paa la nyumba yake unaliona ukichungulia dirisha la ofisi. Mtambo mpya? Hamna.

Alhamisi akamwita Ghadir studio akiwa bado na sare ya shule.

"Tunarekodi leo kipindi cha Jumamosi," akamwambia. "Ila useme upo hewani moja kwa moja."

"Kwa nini, anko?"

"Mgeni rasmi anakuja Pongwe kuzindua digitali. Nataka isikike safi. Wewe siku hiyo kaa kwenu Mabawa, usionekane. Ukifanya vizuri, kipindi ni chako mpaka umalize shule. Ukinisumbua, yupo mwenzako Blessing anakililia kila siku."

Ghadir alikipenda kile kipindi kuliko kitu chochote. Akasoma, akasema "moja kwa moja" kama alivyoambiwa. Wakati anatoka, ushungi wake mweupe ukagusa mtambo uliokuwa karibu na mlango, ukanasa. Rangi ya buluu, mbichi. Akautazama vizuri. Ni ule ule mzee, hata kifuniko chake kilichofungwa kwa waya kilikuwa pale pale. Umepakwa rangi tu, kama banda la chipsi.

Ijumaa jioni bibi akapiga simu. "Kesho nakusikia kwa redio yangu mwenyewe. Nimenunua betri mpya, na majirani nimewaambia."

Asubuhi Ghadir akamwambia mama yake kila kitu.

"Ile rangi niliiona nikadhani ya shuleni," mama akasema. "Vaa ushungi huo huo, twende."

Pongwe kulikuwa na maturubai, utepe na spika za kukodi. Mbele, juu ya meza yenye kitambaa cha satini, Bwana Rafaeli kaweka redio kubwa, kaichomekea flashi yenye ile rekodi kwa nyuma ambako watu hawaoni. Ilipofika saa nne akabonyeza. Sauti ya Ghadir ikatoka safi kabisa. Watu wakapiga makofi.

Bi Fakhria alikuwa kiti cha mbele, kashika karedio kake sikioni. Kanakoroma tu. Akazungusha kitufe. Akatoa betri, akazirudisha. Akakapiga kofi. Wapi.

"Bibi, hiyo yako ni ya ukoloni," Bwana Rafaeli akasema kwenye kipaza sauti. "Digitali haina habari na redio za makumbusho."

Watu wakacheka. Bi Fakhria akaishusha redio yake taratibu, akaifunika kwa mtandio kama kitu cha aibu.

Ghadir aliona kila kitu kutoka nyuma. Akinyamaza, kipindi ni chake. Lakini bibi yake pale mbele alikuwa anachekwa kwa sababu ya uongo aliousema yeye. Akapita katikati ya viti mpaka mezani.

"Redio ya bibi ni nzima," akasema.

Na redio ya mezani nayo ikaendelea bila haya: "Mimi ni Ghadir, nazungumza nanyi moja kwa moja kutoka Chumbageni."

Mgeni rasmi, Mama Anastazia wa wizarani, akamwita karibu.

"Wewe nani, mwanangu?"

"Shikamoo. Ni mimi huyo anayeongea. Tulirekodi Alhamisi. Na mtambo ni ule wa zamani, rangi yake hii hapa." Akanyoosha ncha ya ushungi.

"Mtoto ana homa huyu," Bwana Rafaeli akadakia.

"Homa ya buluu?" mama yake Ghadir akauliza.

Watu wakacheka tena, safari hii wakimtazama meneja. Mama Anastazia hakukata utepe. Akaweka mkasi mezani na kusema, "Twende Chumbageni tukauone huo mtambo." Bwana Rafaeli akaenda naye, tai mkononi, kalowa kama katoka kuoga.

Wiki ile ile akaondolewa kazini, kesi ikafunguliwa, gari na viti vikauzwa. Kipindi nacho kikasimama mpaka apatikane meneja mpya. "Mtangazaji wa flashi, si umejitoa mwenyewe?" Blessing akawa anamtania darasani. Ghadir alikuwa analia chooni, lakini hakujuta.

Baada ya masika mtambo mpya ukafungwa, na meneja mpya akamrudisha Ghadir. Jumamosi ya kwanza, kama kawaida, akaenda Pongwe na karatasi zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo karatasi weka chini, nimeshakusikia." Bi Fakhria akaigusa redio yake. "Siku ile redio yao ilikuwa inasema vizuri, na ilikuwa uongo mtupu. Hii yangu ilikoroma, lakini ndiyo iliyosema kweli. Yule bwana alikula hela ya watu wote, akataka wewe umfiche. Mtu akikuomba umsaidie kudanganya, kataa mapema, hata akikupa kitu unachokipenda. Wewe ulichelewa, lakini ulikataa mbele ya watu."

"Ndiyo, bibi."

"Na ile habari ya chanjo umeisoma mbio. Umemeza maneno. Sasa nasikia, usidhani sisikii."