Miche Iliyonyimwa Maji

Maxine alipoamka, mama yake alikuwa ameshaondoka. Ndivyo ilivyokuwa karibu kila siku tangu wahamie Silibwet. Mama yake, Eucabeth, aliamka kabla ya jogoo, akajifunga leso kichwani, akabeba kikapu chake na kwenda kuchuma chai katika mashamba madogo ya watu, popote alipoitwa. Maxine aliachiwa chai kwenye thamosi, kiazi kitamu kilichofunikwa kwa sahani, na agizo lile lile: "Usisahau miche, mwanangu."

Miche yenyewe ilikuwa ya sukumawiki, kwenye kitalu nyuma ya nyumba. Ulikuwa mwezi wa Januari, na jua la Januari halina mzaha na miche michanga. Kazi ya Maxine ilikuwa kubeba mtungi wa maji na kuinyunyizia polepole asubuhi na jioni. Chai ya kiangazi ni haba, na kuna siku ambazo mama hakuitwa kazini popote. Sukuma hizo, zikikua, zingeuzwa sokoni Silibwet. Ndizo zilizokuwa tumaini lao.

Miaka yake yote kumi na mmoja, Maxine alikuwa ameishi kwenye kambi ya wafanyakazi, katika shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Mama yake alizaliwa Ndhiwa, karibu na ziwa, lakini Maxine aliijua Ndhiwa kwa ziara za Krismasi tu. Kwao kulikuwa kambini, penye marafiki zake, shule yake na kanisa lake la mabati. Kisha zikaja mashine za kuchuma chai. Mashine moja ilifanya kazi ya watu wengi, na Eucabeth akawa miongoni mwa wale wasiohitajika tena. Mwezi wa Desemba wakafungasha.

Aliyewapokea ni Janeffer Chepkosgei, ambaye wengi walimwita Mama Kiplimo. Yeye na Eucabeth walijuana kwenye mikutano ya akina mama wa kanisa. Aliwapa chumba kwenye boma lake, kipande cha ardhi, mbegu za sukuma na jembe.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema akicheka. "Mimi nimekupa siku ya kwanza. Unisamehe, Mama Maxine, nina haraka."

Mambo yangekwenda vizuri kama si simu ya Mjomba Phelix. Phelix, ndugu yake Eucabeth, bado alikuwa na kazi kule shambani Kericho, naye alikuwa mtu wa maneno matamu.

"Max, msizoee huko sana," alisema. "Hizi mashine zinakata hata matawi! Pasaka haifiki kabla hawajawaita tena wachumaji. Mtarudi tu."

Maneno hayo yalimpasha Maxine moto kifuani kama uji asubuhi ya baridi. Akaanza kupiga hesabu zake. Bustani ikistawi, mama atakaa Silibwet. Bustani ikifa, mama atarudi Kericho kuomba kazi, na mashine zikishindwa, wenye shamba watamkuta pale pale mlangoni. Hesabu ilikuwa mbovu, lakini usimcheke haraka. Moyo ulio na hamu ya nyumbani hujua kujumlisha tu, kutoa haujui.

Basi akaanza kuubeba mtungi wake kila siku, akapita kando ya kitalu bila kukitazama, akaenda mpaka kwenye ua na kuyamwaga maji yote kwenye nepia, yale majani marefu ya ng'ombe.

"Ng'ombe wetu wanasema asante," sauti ilisema asubuhi moja.

Alikuwa Kiplimo, mwana wa Janeffer, aliyesoma naye darasa moja. Alikuwa amesimama na punda wake aliyebeba mitungi kutoka mtoni.

"Nimejikwaa," Maxine akasema.

"Hata jana jioni ulijikwaa? Na juzi?"

"Kiplimo, aki usimwambie mtu. Nakuomba."

Kiplimo akakuna kichwa. "Sitasema. Lakini nikiulizwa, mimi siwezi kudanganya. Mama akiniangalia tu, maneno yanatoka yenyewe."

Haikuchukua muda, miche ikaanza kugeuka manjano na kulala chini. Eucabeth alichuchumaa jioni moja kando ya kitalu, akashika mche mmoja kwa vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Ukakatika.

"Maxine, unamwagilia kweli?"

"Ndiyo, mama. Asubuhi na jioni."

Eucabeth akaamini. Hakuwahi kuwa na sababu ya kumshuku binti yake, na kule kuaminiwa kulimchoma Maxine kuliko kofi.

Uongo mmoja hauzai mtoto mmoja. Kwa kuwa maji hayakuwa na lawama, lawama zilitafuta mahali pengine pa kukaa. Eucabeth, Maxine akimfuata nyuma, alimkuta Janeffer akikama ng'ombe.

"Mama Kiplimo, zile mbegu ulinipa ni za mwaka gani?"

"Ni zile zile nilipanda mimi."

"Zako zimestawi, zangu zimekufa. Kumbe mgeni anapewa makapi."

Janeffer alichukua ndoo yake ya maziwa na kuingia jikoni, na macho yake yalikuwa mekundu. Tangu jioni ile wale wanawake wawili hawakunywa chai pamoja tena.

Jumamosi, Eucabeth alimketisha Maxine kitandani. "Nimefikiri sana," alisema. "Bustani imekataa. Utaenda kwa nyanya yako Ndhiwa, usome huko. Mimi nitatafuta kazi ya nyumba Nairobi."

Maxine alisimama. "Lakini mama, si turudi kambini? Mjomba alisema..."

"Mjomba wako naye ameambiwa afungashe. Amenipigia simu leo. Kambini hakuna watu, Maxine. Hata mlango wa nyumba yetu umeng'olewa."

Maxine alikuwa amekausha bustani ili warudi nyumbani wote wawili. Sasa hawangekuwa na nyumbani, wala hawangekuwa wawili. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo alilala naye usiku kucha.

Jumapili, baada ya ibada, watoto walikusanyika kwa somo lao la Biblia. Mwalimu wao alikuwa Janeffer. Siku hiyo aliwasimulia juu ya watu wa Yerusalemu waliochukuliwa mateka hadi Babeli.

"Hawakupenda huko," alisema. "Walikaa wakilia, wakiangalia barabara ya kurudi. Kulikuwa na mtu anaitwa Hanania, akatangaza kwamba miaka miwili tu watarudi. Watu wakafurahi. Nani hapendi habari tamu? Lakini Mungu hakuwa amemtuma. Nabii Yeremia yeye akawaandikia ukweli: kurudi kupo, lakini si karibuni. Sasa jengeni nyumba mkae. Limeni bustani, mle mazao yake. Tena uombeeni mema huo mji wa ugeni, kwa sababu ukiwa na amani, hata nyinyi mtakuwa nayo."

Maxine aliinua mkono. "Mwalimu, na kama mtu alilima bustani vile aliambiwa, halafu mtoto wake akaikausha makusudi?"

Watoto wakacheka. Kiplimo alitazama viatu vyake. Janeffer hakucheka.

"Mtoto kama huyo lazima ana sababu," alisema taratibu. "Ningependa kuisikia."

"Alitaka kurudi nyumbani," Maxine akasema, na machozi yakamshinda.

Janeffer aliwaaga watoto wengine, akamshika Maxine mkono na kwenda naye mpaka kwa Eucabeth. Njiani hakumgombeza. Alimwambia neno moja tu: "Utasema wewe mwenyewe. Mimi nitakaa karibu."

Maxine akasema yote, tangu simu ya mjomba mpaka nepia, hata habari ya Hanania wa somo la leo. Alipomaliza, Janeffer akatikisa kichwa.

"Ndiyo maana! Nepia ya pale kwenye ua ni kijani kibichi katikati ya kiangazi. Mimi nilidhani ni muujiza. Hata nimemshukuru Mungu!"

Eucabeth hakucheka. Kwanza alimgeukia Janeffer. "Mama Kiplimo, ulinifungulia mlango wako, nikakutupia maneno machafu. Naomba unisamehe."

"Nilisamehe, Mama Maxine. Ila iliniuma."

Kisha akamgeukia binti yake. "Maji uliyomwaga si kitu sana. Lakini ulinisikia nikimtukana mtu asiye na kosa, ukanyamaza. Hilo ndilo limenivunja moyo." Akapangusa macho kwa leso. "Hata mimi nina kosa. Kila ukiniuliza tutarudi lini, nilisema tutaona, tutaona. Niliogopa machozi yako. Kama ningekuambia ukweli, yule mjomba, Hanania wako, hangepata nafasi."

"Maji yakimwagika hayazoleki," Janeffer akasema akisimama. "Lakini sukuma zangu za zamani zimetoa machipukizi kando ya mashina. Tukiyabandua na kuyapanda leo jua likishuka, yatashika. Nairobi ingoje kidogo. Ila yanataka maji kweli kweli."

Wote wawili wakamtazama Maxine.

"Nitateka mwenyewe mtoni," alisema.

Na akateka. Viganjani alitokwa na malengelenge, na mara mbili alichelewa shuleni akaadhibiwa. Kiplimo alimpa punda siku za Jumamosi, kwa sharti kwamba asijikwae. Machipukizi mengine yalikufa, lakini mengi yalishika. Machi mvua zikaja, majani yakapanuka, na siku ya soko Eucabeth na binti yake wakatandaza gunia pale Silibwet na kupanga mafungu yao.

Mteja mmoja aliinama, akageuza fungu moja huku na huku. "Ni nzuri. Zimetoka wapi, msichana? Soko la Litein?"

"Hapana. Zimetoka nyumbani," Maxine akajibu. "Hapo juu tu, nyuma ya kanisa."

Eucabeth aliyekuwa akifunga sukuma kwa kamba aliacha mikono yake ipumzike. Mteja alipoondoka, alimvuta Maxine karibu.

"Mwanangu, kupakumbuka kambini si dhambi. Hata mimi hupakumbuka," alisema. "Wale wa Babeli pia hawakuambiwa wasahau Yerusalemu. Waliambiwa walime walipokuwa, kwa sababu Mungu alikuwa nao hapo hapo. Mambo yakibadilika, sema ukweli wa moyo wako, hata kama ni kulia, tulie pamoja. Kisha ushike mtungi, twende tukamwagilie."