Kengele na Dirisha la Nne

Siku ya mshahara, ndani ya benki hakuna mwenye adabu. Foleni ilikuwa imejikunja mara tatu, feni zinazungusha joto lile lile, mashine ya namba imekwama, na kila mtu anaapa kwamba yeye ndiye anayefuata. Katikati ya zahama hiyo kengele ya baiskeli ikalia humo humo ukumbini, mara mbili, na watu wakapisha kabla hawajajua wanampisha nani.

Alikuwa mwanamke mrefu mwenye koti jeupe la kazi, suruali ya buluu iliyobanwa mguu wa kulia kwa kibanio cha kuanikia nguo, na kofia ngumu iliyochubuka. Alisukuma baiskeli ya kijani bila haraka.

"Dada, baiskeli haiingii benki," mlinzi alimwambia.

"Nje hapo nimeshaibiwa mbili, kaka. Nisainie karatasi kwamba hii ikipotea utanilipa, naiacha sasa hivi."

Mlinzi aliitazama baiskeli, akatazama mshahara wake moyoni, akafungua kamba ya foleni, akampisha.

Kwenye dirisha la nne, la mikopo ya nyumba, alikaa karani mmoja mwenye tai iliyonyooka na shati lililopigwa pasi hadi kwenye vifungo. Alikuwa amehamishiwa hapo wiki ile. Kwa siku nne watu walikuwa wamekuja mbele yake kuomba jambo moja tu, kusogezewa tarehe. Mwanamke huyu aliegemeza baiskeli kwenye kaunta, akasukuma fomu chini ya kioo.

"Nimeleta kiwango cha mwezi, na nyongeza. Andika nyongeza iende kwenye mkopo wenyewe. Usipoandika, wenzako huiweka kama malipo ya mwezi ujao, halafu riba inaendelea kunitafuna."

Karani aligeukia kompyuta. Mkopo ulikuwa wa miaka kumi na tano, umetimiza miaka minne. Alishusha ukurasa, akashusha tena. Miezi arobaini na minane, na kila mwezi nyongeza, haukurukwa hata mmoja. Alihisi nywele za mkono zikisimama, kama mtu aliyefungua mlango wa stoo akakuta ukumbi mzima.

"Samahani, hizi nyongeza unazitoa wapi?"

"Nimeziegemeza kwenye kaunta." Aligonga tandiko la baiskeli. "Kilomita kumi na moja kuja, kumi na moja kurudi. Nauli sina habari nayo. Na Jumamosi natengeneza meno ya ziada."

"Meno?"

"Mimi ni fundi wa meno bandia. Hebu cheka."

Karani alicheka kidogo, kwa uoga. Mwanamke akasogea kwenye kioo, akamkagua kama anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Jino la pili juu limegeuka. Usilinyooshe, linakupendeza."

Akaondoka na kengele yake. Karani aliwahudumia wateja wote waliobaki siku ile akiwa amefumba mdomo.

Toka siku hiyo karani alimwita Kengele, naye akaitwa Dirisha. Kila mwisho wa mwezi mwanamke alikuja na nta ya waridi kwenye kucha, vumbi jeupe la plasta kwenye nyusi. Wateja wa dirisha la tatu walijiuliza kwa nini foleni ya mikopo haisogei. Katikati ya miezi simu ilianza kulia.

"Haloo, Dirisha la Nne hapa."

"Dirisha siku hizi linapiga simu?"

"Nilitaka kuthibitisha kwamba malipo yako yaliingia."

"Yaliingia tarehe mbili. Leo tarehe kumi na tisa."

"Basi nimethibitisha."

"Asante. Kuna kingine cha kuthibitisha?"

"Umekula?"

Kengele alikuwa amekula. Lakini waliongea dakika arobaini, na ndipo karani alipojua ile nyumba ni ya nani hasa. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na jiko juu ya kilima, haina ngazi hata moja, kwa sababu Kengele aliinunua kwa ajili ya mama yake. Mama alikuwa anaishi ghorofa ya nne kwenye chumba cha kupanga. Mama huyo alipokuwa msichana aliwahi kuona kitanda cha mama yake kikitolewa nje na watu asiowajua, kwa sababu ya mkopo. Tangu hapo aliweka nadhiri kwamba hataishi kwenye nyumba yenye deni. Nyumba ya binti yake alikuja kuitazama, akakaa barazani, akasifu madirisha, lakini kizingiti hakukivuka.

"Anasema nyumba ya benki ataitembelea tu," Kengele alimwambia. "Siku nitakayomshikisha hati mkononi, ndiyo ataingia. Ana miaka sitini na tisa, Dirisha. Siwezi kumsubirisha kumi na tano."

Karani alikuwa amesomea mikopo, ameuza mikopo, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuukanyaga mkopo kwa pedali, siku baada ya siku, mpaka ukalegea. Alimpenda. Alimpenda kwa heshima iliyomfunga ulimi, na hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Miaka miwili ikapita hivyo. Salio likashuka hadi mshahara mmoja na nusu. Kengele akajaza ombi la kufunga mkopo, lile ambalo makao makuu hulijibu kwa barua yenye salio la mwisho. Aliposaini, alicheka kwa furaha.

"Barua ikija, nalipa, na benki hii sitaikanyaga tena mpaka nazikwa."

Alisema hivyo kwa mzaha. Lakini mwoga hasikii mzaha. Karani alisikia tu kwamba hatamwona tena.

Barua ilifika tarehe tatu. Aliigonga muhuri wa mapokezi, akaisoma, akaiweka kwenye droo. Alijiambia kesho atampigia, amwambie ya barua na ya moyoni kwa pamoja. Kesho yake maneno yakakataa. Alipopigiwa alisema makao makuu hawajajibu. Alishasema mara moja, na mara ya pili uongo ukawa mwepesi zaidi. Mficha uchi hazai, wahenga walishasema, lakini huyu aliendelea kuficha.

Jioni ya tarehe ishirini na tano simu ililia.

"Dirisha." Sauti ilikuwa imechoka. "Mama ameanguka ngazini. Mguu umevunjika."

"Yuko wapi? Anaendeleaje?"

"Wameshamfunga plasta. Alikuwa amebeba ndoo. Unajua kinachoniuma? Hati hutoka wiki mbili baada ya kulipa. Barua ingekuja mwanzo wa mwezi, leo angekuwa kwangu, chini, hana ngazi. Hawa watu wa makao makuu, sijui wana roho gani."

"Njoo benki asubuhi," karani alisema.

Asubuhi angeweza kuchapisha nakala mpya ya barua, yenye tarehe mpya. Ilikuwa kazi ya dakika mbili na hakuna ambaye angejua. Alitoa ile ile kwenye droo. Kengele alipofika, bila kibanio, suruali ikiwa na alama ya mnyororo, karani aliisukuma chini ya kioo, muhuri ukiwa juu.

Fundi wa meno haruki kitu kidogo. Macho yalikwenda kwenye muhuri moja kwa moja.

"Tarehe tatu," alisema.

"Ndiyo."

"Leo ishirini na sita."

"Ilikuwa kwangu, kwenye droo. Makao makuu hawana kosa. Niliogopa ukimaliza hutakuja tena. Nakupenda, na nimekufanyia ubaya."

Kengele hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Mimi nilikuwa nasubiri nimalize," alisema taratibu, "ili siku moja nije hapa bila fomu, nikualike chai. Nilishakuchagulia hata kikombe." Alichukua barua yake, akajipanga dirisha la pili na kulipa. Kengele haikulia alipotoka.

Karani alifunga dirisha, akapanda ngazi hadi kwa meneja, akaeleza yote. Riba ya siku ishirini na tatu ikakatwa kwenye mshahara wake. Alipewa barua ya onyo na kuhamishiwa chumba cha mafaili, chini kabisa, ambako hati za nyumba za watu hulala kwenye makabati ya chuma. Alipiga simu mara kumi na tisa. Haikupokelewa hata moja.

Wiki hizo alifanya jambo ambalo mwenyewe hakulielewa vizuri. Alinunua baiskeli iliyotumika. Alikuwa na miaka thelathini na minne na hajawahi kuendesha. Alijifunza kwenye kiwanja cha kuegesha magari, alfajiri, akianguka, akiinuka, akitukanwa na wafagiaji waliokuwa wanamfahamu akiwa na tai.

Hati ilipokuwa tayari, Kengele aliarifiwa. Akajibu kwa ujumbe mfupi kwamba ameapa kutokanyaga benki, na mama yake hawezi kutembea. Meneja aliusoma ujumbe, akamtazama karani.

"Wewe ndiye uliyemkosea. Mpelekee nyumbani, asaini kitabu, urudi."

"Nichukue gari la ofisi?"

"Kama unataka."

Hakutaka. Aliifunga bahasha ya hati kwenye mifuko miwili ya plastiki, akaitia ndani ya shati, akapanda baiskeli.

Kilomita tatu za kwanza alijisikia shujaa. Ya tano, malori yalimpita karibu kiasi cha kumvuta tai. Ya nane, jua lilikuwa limemkalia shingoni na mapaja yanaomba talaka. Kisha akakiona kilima. Barabara ilipanda, ikapinda kwenye nguzo ya umeme iliyoinama, ikapanda tena. Alikanyaga mpaka kwenye nguzo akashuka, na akasimama pale anahema, mikono juu ya usukani.

Akaanza kuhesabu. Miaka sita, kila jioni, baada ya kusimama siku nzima juu ya meno ya watu wengine. Mvua ikinyesha, akiwa na homa, siku ya furaha na siku ya kufiwa. Kwenye kompyuta yake ile miaka yote ilikuwa safu moja ya tarakimu, na aliipenda kwa sababu ilikuwa nadhifu. Sasa aliiona barabara yenyewe, lami yake iliyochimbika, na machozi yakamtoka peke yake njiani. Alijiona mdogo sana. Na kwa namna fulani alifurahi kwamba duniani kuna mtu wa hivyo, hata kama hatamsamehe.

Alimalizia kilima akisukuma.

Mama alikuwa ameshaletwa barazani, mguu wa plasta juu ya kigoda, amejifunga kitenge kipya na kilemba chake. Kengele alisimama nyuma yake, mikono kifuani. Karani alisalimia, "Shikamoo, mama," akatoa bahasha, akaishika kwa mikono miwili.

Mama aliisoma hati neno kwa neno, hadi namba za muhuri. Akakunja karatasi, akaiweka kifuani. "Niinueni," alisema.

Walimshika mmoja huku, mmoja huku. Alifika mlangoni, akasimama, akainua mguu mzima, akaushusha ndani. Aliupapasa ukuta kwa kiganja chote, polepole, kama anayepapasa uso wa mtoto aliyerudi kutoka mbali. Binti yake alilia kwa sauti, na karani akainamisha kichwa, maana aliona jambo kubwa kuliko yeye.

Walipomketisha, mama akageuka.

"Huyu ndiye aliyeniweka ngazini?"

"Ndiye, mama," Kengele alijibu.

"Siku ngapi?"

"Ishirini na tatu," karani alisema mwenyewe.

"Umekuja na gari?"

"Na baiskeli, mama. Kilima nimekisukumia."

Kengele aliitazama suruali iliyochanika, damu kavu kwenye goti, tai iliyojaa grisi. Kona ya mdomo ilimponyoka kidogo akairudisha.

"Basi utatulipa," mama alisema. "Siku ishirini na tatu, kila jioni, umsindikize binti yangu toka kazini hadi hapa. Ukifika, utapewa maji. Mwenye deni hanywi chai yangu."

"Mama," Kengele alianza.

"Nimemaliza."

Akaja. Siku za kwanza Kengele alitangulia bila kugeuka, akimwacha kwenye nguzo. Siku ya sita alimngoja juu. Siku ya tisa alimtupia neno.

"Dirisha, shusha gia kabla ya kilima, siyo ukiwa umeshakufa."

"Kumbe unaniona?"

"Nasikia unavyohema. Mtaa mzima unasikia."

Siku ya kumi na tano alimfunga suruali kwa kibanio chake mwenyewe, akichutama njiani, na hakuharakisha kuinuka. Simu nazo zikarudi, fupi, kisha ndefu. Maji ya mama yaliendelea kuwa maji.

Siku ya ishirini na tatu ilikuwa na upepo wa mbele. Karani alifika kwenye nguzo, mguu ukataka kushuka wenyewe kwa mazoea. Akaukataza. Mbele yake kengele ilianza kulia, mfululizo, na akaifuata sauti hiyo, akipinda huku na huku, mpaka tairi likasimama getini. Kwa mara ya kwanza hakuwa ameshuka.

Kengele alimtazama kwa mshangao, jasho likiwatiririka wote wawili. Kupitia mlango uliokuwa wazi, mama alionekana akichechemea mezani, akiweka vikombe viwili, kisha cha tatu, cha buluu, kilichokuwa kimefunikwa kabatini siku zote.

"Umemaliza deni," Kengele alisema.

"Nimemaliza." Karani alishusha macho. "Basi kesho sina sababu ya kuja."

"Kesho njoo bila sababu," alimwambia, akaichukua baiskeli mikononi mwake, akaiegemeza ukutani pamoja na ya kwake.