Hewa ya Saa Saba na Nusu

Likizo ile, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alikuwa na kazi ambayo hakuna mwanafunzi mwingine aliyepewa. Shule nzima ilimwita Karani kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Asubuhi alifuatana na mama yake, mlezi wa chekechea iliyokuwa chini ya jengo la madarasa. Alimsaidia kuosha vikombe na kutandika magodoro. Watoto wakishalala baada ya chakula cha mchana, alichukua daftari na ufunguo, akapanda ngazi arobaini na mbili hadi juu ya paa.

Huko kulikuwa na kisanduku cheupe cha betri, chenye mrija mfupi, kilichovuta hewa polepole, fyuu, fyuu, kama mtu mwenye mafua. Kilipima naitrojeni dayoksaidi, gesi itokayo kwenye moshi wa magari na mitambo. Mtafiti aliyekifunga alikuwa dada mrefu, mcheshi, asiyevua kofia.

"Kila siku kwenye saa saba na nusu setilaiti hupita juu yetu," alimweleza Karani. "Nayo inapima gesi hiyohiyo, lakini iko mbali sana. Lazima kuwe na shahidi huku chini wa kusema kama inasema kweli. Kumbukumbu ya kisanduku imeharibika, kwa hiyo mpaka nipate kifaa kipya, shahidi ni wewe."

Karani alivimba kichwa kwa wiki mbili nzima. Kila siku aliandika nambari iliyoonyeshwa na kisanduku: kumi na tatu, kumi na moja, kumi na nne. Kazi ilikuwa rahisi kama kunywa maji.

Jumatatu ya wiki ya tatu, umeme ulikatika mchana. Karani alipofika juu, aliona njiwa wote wametoweka. Jua lilikuwa utosini na kivuli chake kilijikunja miguuni kama kinachojificha. Hapakuwa na upepo. Halafu akahisi sakafu ya paa inatetemeka chini ya nyayo zake, kidogo tu, kama ubavu wa mnyama aliyelala. Alitazama kisanduku. Sabini na moja.

Alifumba macho, akayafumbua. Sabini na moja.

"Nimekiharibu," alinong'ona, ingawa hakuwa amekigusa. Aliandika kumi na nne, akateremka mbio.

Alimkuta mama akimpangusa jasho mtoto wa miaka minne, yule mdogo kuliko wote, waliyemwita Kitufe.

"Mama Mlezi, ukuta unakoroma," Kitufe alisema.

"Umeota, mwanangu. Lala."

Karani alisikia mwili ukimsisimka, akalificha daftari na kwenda kuosha vikombe.

Jumanne umeme ulikatika tena. Juu ya paa kulikuwa na harufu kali iliyowasha pua. Nambari ilikuwa themanini na tatu. Karani alipoinama kuisoma vizuri, mtoto alikohoa nyuma yake. Aligeuka. Paa lilikuwa tupu. Kikohozi kikaja tena, chembamba, kikitoka kwenye tundu la bomba la hewa lililopanda kutoka vyumba vya chini. Karani hakungoja cha tatu. Kwenye daftari aliandika kumi na mbili.

Jumatano hakupanda. Alikaa kwenye ngazi ya kwanza, akahesabu dakika, akaandika kumi na tatu. Alhamisi na Ijumaa akafanya vivyo hivyo. Mchana watoto waliamka wamelegea, wakilalamika kichwa, na mama akadhani ni homa inayoambukizana.

Jumatatu iliyofuata mchana, watoto wakiwa wamelala, mtafiti alikuja na kompyuta yake. Aliweka daftari kando ya matokeo ya setilaiti, uso ukamchangamka.

"Karani wangu! Zinalingana kama mapacha! Setilaiti inasema hewa ya hapa ni safi, na wewe unasema ni safi. Leo nakifungua kisanduku, nakipeleka mtaa mwingine."

Mama alitabasamu kwa fahari. Karani alijaribu kutabasamu pia, midomo ikakataa. Wakati huohuo umeme ulizimika, na baada ya dakika chache ukuta wa chumba cha kulala ukaanza kunguruma. Humo ndani Kitufe alikohoa, kikohozi kilekile chembamba. Karani alikitambua.

"Dada, usikiondoe!" alipaza sauti. "Nimedanganya. Niliona sabini na moja, halafu themanini na tatu. Niliogopa. Siku nyingine hata sikupanda."

Mama alishika mdomo. Mtafiti hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Umeme ulikuwa umekatika?"

"Ndiyo."

"Mama, watoeni watoto nje! Wote, sasa hivi!"

Waliwabeba mmoja mmoja hadi uani. Kitufe aliitwa mara tatu ndipo akafumbua macho. Mtafiti alizunguka nyuma ya jengo, Karani akimfuata unyounyo. Kwenye uchochoro kati ya shule na kiwanda cha uchapishaji walikuta jenereta kubwa jipya, likitetemeka, limeegemezwa ukutani. Bomba lake la moshi lilielekezwa kwenye dirisha dogo la chumba cha kulala. Mwenye kiwanda aliitwa, akalizima, akabaki ameduwaa.

"Sikujua kama humo wanalala watoto," alisema kwa sauti ndogo. Jioni ileile alilihamishia upande wa barabara.

Watoto walipelekwa zahanati. Daktari alisema moshi ule una gesi nyingine isiyo na harufu, inayoweza kuua mtu usingizini. Kitufe alilazwa siku mbili, kisha akarudi nyumbani mzima.

"Kwa hiyo setilaiti ilikosea?" Karani alimuuliza mtafiti.

"Hapana. Yenyewe huuona mtaa wetu na mitaa ya jirani kama doa moja. Jenereta moja halionekani humo. Ndiyo maana tulihitaji jicho lako. Kuogopa si kosa, mdogo wangu. Kosa ni kuficha kilichokuogopesha. Andika kwanza ulichokiona, kisha uogope, kisha umwambie mtu mzima."

Alimpa kalamu. Karani alikata nambari za uongo kwa mstari mmoja mwembamba, ziendelee kusomeka, kama alivyoelekezwa. Pembeni akaandika sabini na moja, na themanini na tatu. Alipofika Jumatano, alisimama.

"Hapa niandike nini?"

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Basi acha wazi."

Aliacha wazi. Siku tatu hazikuwa na nambari ya kweli, na hakuna mtu ambaye angejua kamwe watoto walivuta nini humo chumbani, wakati yeye ameketi kwenye ngazi ya kwanza akihesabu dakika.