Sekunde Tano za Kahaso

Mvua za masika zilipoanza kunguruma pale Magogoni, Kahaso alijua kazi yake. Baba yake, mzee Katana, alikuwa mtumishi wa ofisi ya hali ya hewa. Uani alikuwa na kibanda chenye waya mrefu juu ya mlingoti, na ndani kipimo chenye mshale uliorukaruka kila radi ilipopiga, hata kule mbali. Baba hakubandua macho kwenye mshale. Kahaso alisimama dirishani na saa ya mfukoni, akihesabu sekunde tangu umeme umulike mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde tano ni maili moja. Ukijua umbali na mruko wa mshale, utakadiria nguvu ya mkondo wa radi bila kuisogelea.

Mwaka huo hesabu hiyo ilikuwa na uzito. Radi ilikuwa imechoma paa la shule ya Kahaso, na mhandisi alingoja makadirio achague unene wa waya wa kuishusha radi ardhini.

Alasiri moja umeme ukamulika. Kahaso akaanza: moja, mbili...

"Kahaso!" Bibi Mwanatatu akaita kutoka nyumbani. "Kioo hakijafunikwa! Wataka radi ituingilie?"

"Abee, bibi!"

Akachomoka, akakitupia kioo kanga. Aliporudi, ngurumo ilikuwa imekwisha kulia.

"Ngapi?" baba akauliza bila kugeuka. "Mshale haujapata kuruka hivi!"

"Ta... tano."

"Maili moja tu? Kumbe ilikuwa karibu. Basi si kali sana." Akaandika.

Kahaso akaketi, akainuka, uji hakuugusa. Kama radi ile ilipiga mbali, basi ilikuwa kali mno, na waya mwembamba ungeyeyuka juu ya vichwa vyao shuleni, yeye na mdogo wake Kafedha. Asubuhi baba akapanda baiskeli kupeleka karatasi mjini. Kahaso akashika mlango, akauacha, akaushika tena. Loo, mtoto huyu! Mwishowe akatimua mbio pekupeku, akamfikia njia panda.

"Baba, sikuhesabu! Nilikwenda kufunika kioo. Ile tano nimeibuni."

Katana akashuka, uso umemwiva kwa hasira. "Wajua ningepeleka nini huko?"

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekimbia."

Baba akatoa kalamu, akaikata ile tano, akaandika: haikuhesabiwa. Mhandisi alipoisoma, akakubali kungoja.

Wiki iliyofuata radi nyingine ikaurusha mshale vilevile. Kahaso hakubanduka dirishani mpaka kumi na saba. Zaidi ya maili tatu! Waya uliowekwa shuleni ukawa mnene kama kidole.

"Mwanangu," baba alimwambia siku ule waya ulipofungwa, "pengo kwenye karatasi halimwui mtu, maana kila mtu analiona. Namba ya kubuni ndiyo iuayo, kwa kuwa haitofautiki na ya kweli. Usipojua, sema hujui."

"Na kioo," bibi akadakia, "nitakifunika mwenyewe. We hesabu."