Jina Lililoitwa Mbele ya Skrini Nyeusi

Kompyuta ilinuka maziwa. Si vumbi, si plastiki iliyopata moto. Maziwa ya mtoto mchanga, yaliyochacha begani mwa mama.

"Umenunua kompyuta ama ng'ombe?" Edinah alimuuliza mumewe, Hillary, akicheka huku ameshika tumbo lake la miezi minane.

Ilikuwa mwaka wa 2006. Chumba cha mbele cha nyumba yao pale Misikhu kilikuwa kimepakwa rangi kiwe ofisi ya kupiga chapa, na kompyuta ilitoka Kitale, ya bei rahisi, imeungwaungwa kwa vipande vya mitumba. Hillary akaiwasha. Feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi, na ndani ya sanduku ukatoka mlio: mmoja mrefu, miwili mifupi.

"Hiyo ni kadi ya picha," Hillary akasema. "Haipeleki kitu kwa skrini."

Akaichomoa, akasugua meno ya kadi kwa raba ya shule, akaishindilia tena. Akabadilisha waya. Akaazima skrini ya jirani. Nyeusi. Mmoja mrefu, miwili mifupi, mchana kutwa, na kila mlio ulizidi kufanana na kitu chenye koo.

Mama mkwe, Rispah, alisimama mlangoni na sufuria ya mboga. "Si hiyo inalia? Inalilia jina."

"Mayi, ni mashine bana!" Hillary akamwambia mamake.

Lakini Rispah alikuwa amelea watoto wa Kibukusu, na alijua mtoto asiyenyamaza huitiwa majina ya marehemu, moja moja, mpaka akubali lake. Akainama. "Wewe ni Nabwile? ... Ni Sifuna? ... Wabwile?"

Mlio ukakatika. Skrini ikawaka, nyeupe.

Hillary akapiga makofi. Edinah hakucheka tena. Wabwile alikuwa marehemu baba mkwe wake, na jina lake lilikuwa limewekewa mtoto huyu wa tumboni, baada ya watoto wawili waliozikwa nyuma ya nyumba.

"Mayi," akauliza polepole, "umempa nani jina la mtoto wangu?"

Hillary akampigia simu muuzaji kule Kitale, Kipkirui, amuulize vipande vilitoka kwa nani.

"Kadi ilitoka kwa kompyuta ya dada mmoja wa hapa, Linah," Kipkirui akanong'ona. "Alikufa akijifungua. Mtoto naye akafuata, hata hajapewa jina. Sasa ningewaambia, si mngekataa kununua?"

Ati wangekataa! Kadi ikachomolewa papo hapo, ikatupwa chooni, na waya wa umeme ukang'olewa ukutani.

Mwezi uliofuata mtoto akazaliwa pale nyumbani, mvulana mwenye nguvu, akalia kilio kimoja kirefu na viwili vifupi, akakataa ziwa, na Rispah akaita kila marehemu aliyemkumbuka isipokuwa yule mmoja ambaye kompyuta ilikuwa imemkubali, huku midomo ya mtoto ikigeuka rangi ya majivu na Hillary akikemea kwa jina la Yesu na kilio kikizidi kuwa chembamba, mpaka Edinah, ambaye hangeweza kuzika wa tatu, akaweka mdomo sikioni mwa mtoto akanong'ona, "Wabwile."

Akanyamaza. Akashika ziwa la kushoto, akanyonya kwa pupa.

Ndipo kule chumba cha mbele, ndani ya sanduku lisilo na kadi wala umeme, kitu kikaanza kulia. Si kirefu wala vifupi. Kilio cha kawaida kabisa, cha mtoto mchanga anayemtafuta mamake.

Na ziwa la kulia la Edinah, ambalo hakuna aliyeligusa, likaanza kutiririsha maziwa.