Glasi ya Baba Mkwe

"Aksanti! Glasi!" Nabintu alipiga kelele.

Juisi ilishamwagika yote kwenye zulia la Mzee Zihindula, nyumbani kwake South End, Louisville, Marekani. Wageni wakageuka kutazama. Mchumba anayekuja kujitambulisha humpa baba mkwe kinywaji kwa mkono wa kuume, na mkono wa kuume wa Aksanti ulikuwa umekataa kushika.

"Unisamehe, papa. Ni uchovu ya njia, nimetoka Columbus asubuhi," alisema, akificha vidole mfukoni.

Binti wa mzee, Nabintu, aliinama kupangusa. Uchovu wa njia wapi! Meseji ya Aksanti ilikuwa bado kwenye simu yake, tangu kabla ya fainali ya mashindano ya Buffalo:

"Chérie, vidole vimekufa ganzi. Daktari anasema niache kucheza kwanza."

Naye akajibu: "Vumilia. Ukileta kombe, papa hatakataa."

Msichana huyu alikuwa amemdanganya baba yake kwamba Aksanti anatengeneza kompyuta hospitalini. Angemwambiaje mzee wa kanisa kwamba mkwe wake analipwa kucheza gemu za video? Kombe lingemsemea. Basi Aksanti akacheza, akashindwa, akarudi na mkono huu.

"Bon, ni kompyuta za hospitali ndo zimekuumiza hivi?" mzee akauliza.

"Ndiyo, pa..."

"Hapana!" Nabintu alipiga magoti kwenye zulia lililolowa. "Papa, nilikudanganya. Iko anacheza gemu, ndo kazi yake. Daktari alimukataza, mi nikamwambia avumilie, ili umukubali."

Mzee alimtazama kwa huruma.

"Nabintu, mi najua. Kaka yako alinionyesha kwa YouTube. Ile fainali ya Buffalo niliiangalia yote, donc, hata niliomba Mungu Aksanti ashinde. Nilikuwa nangoja mniambie."

Nabintu alitamani ardhi immeze. Mkono wa mtoto wa watu ameuharibu bure.

"Nisamehe, Aksanti," alisema akilia.

"Na mi nilikubali," Aksanti akajibu taratibu. "Lakini ungemuuliza papa tu, Nabintu. Ungemuuliza."

Mzee akajaza glasi nyingine, akaiweka mezani.

"Sasa munipe."

Kwa mkono wa kushoto ingekuwa matusi. Nabintu akavikunja vidole vya mchumba wake kwenye glasi, akavibana kwa vyake, wakampa mzee pamoja. Akanywa yote. Wamama wakapiga vigelegele, posa imepokelewa.

"Nimekubana sana?" Nabintu alinong'ona.

"Sijui," Aksanti akasema. "Sisikii kitu."