Mivukuto ya Kibandani

Kila alasiri akitoka shule, Scolastika alivua sare, akala viazi vilivyobaki, kisha akamfuata baba yake kibandani. Kazi yake ilikuwa kuvuta mivukuto: mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi iliyounganishwa na bomba la udongo. Alikandamiza mmoja huku akiinua mwingine, upepo ukaingia kwenye mkaa, mkaa ukawa mwekundu. Juu ya moto baba yake, Donatus, aliweka donge la dhahabu lililochanganywa na zebaki. Zebaki ilitoka kama moshi, dhahabu ikabaki. Wachimbaji wengi wa kijiji chao, mkoani Geita, walimletea madonge yao.

"Vuta sawasawa," baba alisema. "Moto ukilegea, dhahabu inabaki nyeupe."

Serikali ya kijiji ilikuwa imekataza kuchoma zebaki majumbani, kwa hiyo walifanya kazi wamejifungia.

Mwezi wa Machi mikono ya baba ilianza kutetemeka. Kwanza alimwaga chai. Baadaye akashindwa kufunga vifungo vya shati, akawa anasahau majina ya watu na kufoka bila sababu.

"Amelogwa," watu walisema. Macho yao yakamwelekea jirani yao, Bibi Bernadina, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Wiki ile nyumba yake ilipigwa mawe. Hakutoka tena hata kuteka maji.

Scolastika alimsindikiza baba zahanati. Daktari Apolonia aliitikia shikamoo ya mtoto, kisha akamuuliza baba anafanya kazi gani.

"Mkulima tu," baba alijibu.

Scolastika alijua hasira ya baba. Lakini aliwaza mawe yale.

"Baba anachoma dhahabu kwa zebaki," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye ninayevuta mivukuto."

Baba alimkazia macho. Daktari hakumtazama baba. "Nyoosha mikono, mwanangu," alisema.

Scolastika akanyoosha. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, kidogo sana. Baba aliviona, akainamisha kichwa.

Walipelekwa hospitali ya mkoa. Vipimo vilionyesha zebaki katika miili ya wote wawili.

"Hakuna aliyewaloga," daktari wa huko aliwaambia. "Mlikuwa mnavuta sumu pamoja na moshi, siku baada ya siku."

Baba alibomoa kibanda. Akasimama kwenye mkutano wa kitongoji, akaeleza yote mbele ya watu. Baadhi yao, waliokuwa wamerusha mawe, walitazama chini. Lakini Bibi Bernadina alikuwa ameshahamia kwa mwanawe anayeishi Kambarage, mjini Shinyanga.

Baba na Scolastika walimfuata huko kumwomba radhi. Aliwakaribisha, akawapa uji. "Nimesamehe," alisema. "Ila kule sirudi."

Miezi ilipita, vidole vya Scolastika vikatulia. Mkono wa kulia wa baba haukupona. Siku moja, wakipalilia mihogo, jembe lilimponyoka. Scolastika aliliokota.

"Ulipotaja zebaki mbele ya daktari nilitaka kukupiga," baba alisema. "Nilijua tunavunja sheria, nikaona bora ninyamaze. Kunyamaza kwangu kumekutia sumu wewe na kumfukuza mama wa watu kwake. Jambo likiwa linaumiza watu, mwanangu, liseme mapema, hata kama mkosaji ni mzazi wako."

"Ndiyo, baba," Scolastika alijibu, akaendelea na tuta la baba yake.